Karai la Chifu

Mahindi mabichi yakifungiwa ndani ya nyumba, harufu yake huanza vizuri. Siku za kwanza nyumba inanukia shamba, mabua na vumbi la maganda, na mtu akiingia kutoka nje anajisikia ameshiba kabla ya kula. Baadaye harufu inageuka. Inakuwa nzito, yenye joto, kama nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya beseni, na inaingia kwenye blanketi, kwenye sare ya shule, kwenye nywele. Mimi nililala juu ya harufu hiyo msimu mzima, kwa sababu magunia yetu yalipangwa chini ya kitanda nilichokuwa nikilala na Susu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, na kwa kuwa mimi ndiye msichana wa kwanza wa baba, nilipewa jina lake, Syombua. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita wajina, na tukawa tunagombana kama watu wa rika moja, juu ya nani amevuta blanketi na nani amemaliza sukari.

Kwa nini mahindi yalale chini ya kitanda ilhali ghala lilikuwa limesimama uani? Wezi. Misimu iliyotangulia mvua ilikuwa imetukataa huko kwetu karibu na Muthetheni, watu wakala mpaka mbegu. Iliporudi na mashamba yakasimama vizuri, wale ambao hawakuwa na cha kupanda walianza kuvuna ya wenzao. Unaamka unakuta upande mzima wa shamba umebaki mabua matupu. Basi kila boma likavuna mapema, mahindi yakiwa bado na maji, na badala ya kuyaacha ghalani yapigwe na upepo, watu wakayaficha ndani walimolala. Baba alikuwa akifanya kazi kiwandani Athi River, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na ndiye aliyesema tuyaingize. Mama alimwambia mahindi bado yanatoa jasho. Baba akajibu kwamba heri ya kwetu yenye jasho kuliko makavu yaliyo kwa mwizi. Simlaumu sana, maana nadhani kila mwanamume wa pale kwetu alitoa amri hiyo hiyo. Magunia yenyewe yalikuwa ya nailoni, yale yasiyopumua, kwa kuwa ya mkonge yalikuwa yametobolewa na panya.

Nyumba yenye mahindi ndani inataka mbwa, na wetu wa zamani alikuwa amekufa wakati wa ukame. Mama Kyalo, jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa mkonge, alikuwa na mbwa jike aliyezaa, akatupa dume mmoja mwenye rangi ya udongo, tumbo kubwa na miguu iliyopinda. Mama akampelekea bakuli la ndengu kwa shukrani, wakaketi wakanywa chai mpaka jua likashuka, maana wakati huo walikuwa wakipendana sana hao wawili. Baba akampa mbwa jina la Chifu, akisema boma lisilo na chifu huibiwa. Jina lilituletea taabu. Naibu wa chifu alikuwa akipita njia ya kwetu kwenda sokoni, na mama alinikataza kumwita mbwa hadi mzee apite kona. Susu ndiye aliyekuwa akingoja makusudi mpaka mwenyewe afike karibu, kisha anamkaripia Chifu atoe pua yake chooni, halafu anageuka na kumsalimu mgeni kwa heshima zote. Nilicheka mpaka nikaumwa na mbavu. Nalitaja hili kwa sababu msimu huo sikucheka tena sana baada ya hapo.

Kazi ya kumlisha ikawa yangu, na mwalimu akawa Susu. Watu wengi kule kwetu walimtupia mbwa mabaki wakajua wamemlisha. Susu alikataa. Alisema mbwa mzima anaweza kuishi kwa mabaki, lakini mtoto wa mbwa anajenga mwili, na ukimjenga vibaya utafuga kilema anayebweka. Tulianza na uji mwembamba wa mtama uliochanganywa na maziwa ya mbuzi, uliopoa mpaka kidole kisiungue, apewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa dogo hata kama lilionekana kubwa. Alipoota meno ya kutafuna, uji ukawa mzito, wakaingia omena, yaani dagaa wakavu, waliochemshwa na kutwangwa na vichwa vyao. Maganda ya mayai tuliyaanika juu ya bati, tukayasaga kwa jiwe mpaka yakawa unga, tukaunyunyiza huo unga juu ya chakula kwa ajili ya mifupa. Majani ya kunde au kipande cha malenge kilitiwa ili apate choo vizuri. Siku ya soko nilitumwa kwa mchinjaji kuomba mapafu na damu iliyoganda, tukazichemsha mpaka nyumba nzima ikalalamika. Chumvi hapana. Kitunguu hapana. Mfupa wa kuku uliopikwa hapana kabisa, kwa sababu unavunjika vipande vyenye ncha kali na kutoboa utumbo. Nilikuwa na sufuria yangu iliyokatika mkono, mafiga yangu matatu nyuma ya jiko, na mwiko wangu. Susu aliketi kwenye kigoda akichungulia, na nikizembea kukoroga ananiambia Chifu atanipeleka barazani nishtakiwe. Mtoto wa mbwa akanenepa. Manyoya yake yaling'aa, miguu ikanyooka, sauti ikaanza kuwa nzito. Nilijivuna, haki. Wenzangu wa shule walikuja kumtazama tu.

Mambo yaliharibika polepole. Mbuzi akakauka maziwa. Omena wakaadimika dukani, kuku wakaacha kutaga, na cha sokoni kilikuwa kikigombaniwa na watu, si mbwa. Kutoka chakula chake cha mambo mengi, Chifu akabaki na mahindi. Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, kwa maana yote yaliyofuata yalitokana nayo. Kabla ya kupeleka mahindi kusagwa posho mili, au kuyatwanga kuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyotolewa ganda ambayo tunapika na kunde au maharagwe, wanawake huyachagua. Wanaketi mkekani, uteo mapajani, vidole vinafanya kazi huku midomo ikiongea. Punje nzuri zinaingia gunia la watu. Zilizooza, zilizoshika kuvu, zenye rangi ya kijani au ya majivu, zinarushwa ndani ya karai. Kila boma lilikuwa na karai la namna hiyo, na jina lake lilikuwa karai la mbwa. Hakuna aliyelimwaga. Kumwaga chakula mahali palipoona njaa tuliyoiona lilikuwa jambo ambalo hata mtoto mdogo angekemewa na mpita njia. Mwaka huo karai letu lilijaa upesi. Mahindi ya chini ya kitanda yalitoka yakiwa na unga wa kijani kwenye kitovu cha punje, mengine yameshikana mabonge. Mama akatikisa kichwa. Susu akasema angalau Chifu hatalala njaa. Basi nikaanza kumpikia ugali wa lile karai, nikiukoroga vizuri kama nilivyofundishwa, nikiupoza kama nilivyofundishwa. Mbwa anakula kile ambacho mtu hali. Ndivyo tulivyojua sisi, na ndivyo walivyojua majirani wote.

Siku hizo hizo Chifu alikula kifaranga cha Mama Kyalo. Mama Kyalo alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mipana. Alikuja mpaka kwenye ua ameshika manyoya, akamwambia mama mbele yetu kwamba mbwa huyu asipofungwa atakiona cha mtema kuni. Mama akaomba radhi. Tukamfunga Chifu kwa kamba, Mama Kyalo akaenda zake kumenya viazi, na naamini jioni ilipofika alikuwa ameshasahau. Sisi hatukusahau.

Chifu alianza kwa kukataa chakula. Alinusa ugali akageuza uso, na mimi nikadhani anaringa, nikamchanganyia maharagwe ya sahani yangu. Akala hayo akayatapika. Tumbo likavimba huku mbavu zikihesabika. Nilipomfungua mdomo nimtazame, fizi zake zilikuwa zimegeuka manjano, na weupe wa macho vilevile, manjano ya kutisha, nikamwita Susu. Susu alimnywesha maji ya mshubiri, akamsagia mkaa, akaenda kuomba maziwa nyumba ya mbali na kurudi na kikombe kimoja amekifunika kwa kiganja. Hakuna kilichokaa tumboni. Choo chake kikawa damu. Alikuwa akinitazama kila nilipopita, hata kichwa hakiinui, mkia tu unagonga chini mara moja. Asubuhi moja mkia haukugonga. Nilimkuta amelala kando ya karai, nzi wameshafika. Nililia nikakosa shule, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia machozi ya mbwa, aliniacha nilie.

Mama alisema ni sumu. Kwa hilo hakukosea. Alijifunga leso kiunoni, akaenda mpaka kwenye ua wa mkonge, akamwita Mama Kyalo kwa sauti ambayo wanawake waliokuwa wakitoka kisimani waliisikia na kusimama. Alimwambia yote: kifaranga, manyoya, cha mtema kuni. Mama Kyalo alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Huyo mbwa ni mimi niliyekupa," alisema. "Ningetaka afe, ningemwacha kwangu afe. Ningekupa wa nini?"

Mama akamjibu kwamba kuna watu wanaoua hata walichozaa wenyewe. Nilimwona Mama Kyalo akiyapokea maneno hayo. Alikuwa amezika watoto, jambo ambalo kila mtu pale alilijua, na mama alilijua kuliko wote kwa sababu alimshika mkono kaburini. Mama Kyalo akageuka akaingia nyumbani kwake. Tangu siku hiyo salamu zilikatika. Kanisani walihama benchi. Kyalo mwenyewe, kijana wake mkubwa, ambaye alikuwa akitusaidia kupandisha magunia kwenye punda, hakuonekana tena kwetu, nasi tukakatazwa kupita njia yao.

Haukupita muda mrefu, Mama Kyalo alikuja tena kwenye ua. Hakuja kugombana, niliona kwa namna alivyosimama. Aliita jina la mama polepole. Mama alikuwa jikoni akanong'ona niseme hayupo. Nikaenda nikasema hayupo, huku moshi wa jiko ukitoka na sauti ya mwiko ikisikika. Mama Kyalo akatazama moshi, akanitazama mimi. Akanituma nimwambie mama kwamba yule mbwa wake jike, mama yake Chifu, naye amekufa, na kuku kadhaa, na kwamba macho ya mbwa yalikuwa manjano. Nilizipeleka habari hizo neno kwa neno. Mama alikuwa akipepeta ungo wa kunde. Hakuacha kupepeta. Alisema Mungu amelipa.

Najiuliza mara nyingi mambo yangekuwaje kama mama angetoka nje. Wangesimama pale kwenye mkonge, wanawake wawili wenye akili zao, wangelinganisha walichoona, na mmoja angeuliza mbwa wako alikuwa akila nini. Ni swali rahisi. Wangeuliza wenyewe, bila daktari.

Karai likabaki. Mbwa hayupo, kuku wetu walikuwa wamebaki wachache na wavivu wa kula, na karai likaendelea kujaa, kwa sababu mahindi ya chini ya kitanda yalizidi kuharibika kadiri mwezi ulivyokwenda. Fungu la watu likawa dogo, la mbwa likawa kubwa. Susu aliyatazama haya kwa siku kadhaa. Alikuwa ameona njaa nyingi maishani mwake, na moja ya utotoni mwake alikuwa akiisimulia kwa sentensi moja tu, kwamba walikula ngozi walizokuwa wakilalia. Asubuhi moja nikamkuta amemwaga karai lote juu ya turubai uani. Akayaanika yale mahindi juani. Akayapepeta mpaka unga wa kijani ukaondoka na upepo. Akayaosha kwa maji ya majivu, akayatwanga kwenye kinu, akatoa maganda, na yalipotoka pale yalikuwa meupe, masafi, muthokoi kama muthokoi mwingine wowote. Alinionyesha kwenye kiganja akiwa na furaha. Akaniuliza kama naweza kuona tofauti. Kwa kweli sikuweza.

Lakini hakutupa sisi. Hapo ndipo moyo wangu unaponiuma mpaka leo. Alimwambia mama kwamba yale mazuri ni ya watoto, wenye miili inayojengwa, na yeye na chungu chake watajipanga. Alitumia maneno yale yale aliyonifundishia kuhusu Chifu. Mama alikataa, wakabishana, Susu akamkumbusha kwamba nyumba ile ilikuwa yake kabla haijawa ya mama. Basi akawa anapika chungu chake kidogo pembeni, kwenye mafiga yangu yale yale nyuma ya jiko, akikichemsha kutwa nzima kwa sababu aliamini moto ungemaliza chochote kilichobaki. Nikisogea kuonja, ananipiga mkono kwa mwiko. Ananiambia niende kwa sahani yangu, wajina, chakula cha wazee hakina utamu.

Susu alianza kwa kukataa chakula. Tukasema ni uzee, ni joto. Akatapika, tukasema ni malaria. Tumbo lake likapanda, leso ikawa haifungi, na miguu ikavimba. Mimi nililala naye, kwa hiyo ndiye niliyeona kwanza. Nilifungua dirisha asubuhi ili apate hewa, mwanga ukamwangukia usoni, nikaona. Nilikimbia hadi kwa mama aliyekuwa akikamua nguo pale uani.

"Mama, macho ya Susu yamekuwa ya Chifu," nilimwambia.

Alinipiga kofi. Alinipiga kwa mkono wenye maji, na kofi la mkono wenye maji linauma mara mbili. Akaniambia nisithubutu tena maishani mwangu kumlinganisha mtu na mbwa, tena mama wa baba yangu, tena ambaye nimebeba jina lake. Mama hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa amelelewa kwa heshima, na heshima ile ilikuwa na mipaka yake ambayo mtoto havuki. Mbwa upande huu, mtu upande ule. Aliingia ndani akamtazama Susu, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango, na sikujua alichokuwa akikiwaza. Alipoinuka alimtuma mtu akatafute gari.

Tulikwenda Machakos, hospitalini, nami nikachukuliwa kwa sababu Susu alikuwa ameshika mkono wangu na hakutaka kuuachia. Ukumbi ulijaa watu wa upande wetu. Niliona mzee wa kanisa letu amelazwa kwenye benchi, na watoto wawili wa nyumba moja, wote wana macho yale. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amechoka, sauti imekauka kwa kuuliza maswali yale yale tangu asubuhi. Alimminya Susu tumbo, akamvuta ukope chini, kisha akamgeukia mama.

"Mama, kuna mnyama yeyote amekufa hapo kwenu karibuni? Mbwa, kuku?"

Mama alikuwa amesimama, akaketi, na pale alipoketi hapakuwa na kiti. Aliketi sakafuni na mkoba wake mapajani. Mimi ndiye niliyesema ndiyo, mbwa wetu, na wa jirani pia, na nikasema walivyokuwa wakila. Daktari aliandika. Alieleza kwamba kuvu lile la mahindi lina sumu inayoshambulia ini, na kwamba sumu hiyo haioshwi, haianikwi ikaisha, haichemshwi ikafa. Aliyasema kwa upole. Susu alikuwa macho na aliyasikia yote. Aliuliza jambo moja tu, kama watoto wamekula. Mama akamwambia hawakula. Akafumba macho, akaonekana kama mtu aliyetua mzigo. Alifariki kabla baba hajafika kutoka Athi River.

Watu wa serikali walikuja na lori wakayachukua mahindi yote, mazuri na mabaya, hata yale ambayo hatukuyaona ubaya, wakasema hakuna wa kuyatofautisha kwa macho. Walitoa magunia chini ya kitanda changu, na pale chini pakabaki alama za unyevu sakafuni ambazo hazikutoka hata baada ya kusuguliwa. Tulipewa mahindi ya msaada, ya manjano, na mimi rangi hiyo ilinishinda kabisa. Siku ya mazishi Mama Kyalo alikuja mapema kabla ya watu wengine, na mtungi wa maji mgongoni. Hakuitwa. Alipitia kwenye ua, akawasha moto, akaosha masufuria, akapika chai ya waombolezaji kutwa nzima. Mama alikuwa akimpisha njia bila kumtazama usoni. Jioni watu walipotawanyika niliwaona wamesimama pamoja nyuma ya jiko, penye mafiga yangu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa na Mama Kyalo alikuwa akimkung'uta vumbi mgongoni. Sikusikia walichosema. Salamu zilirudi, benchi la kanisa likarudi, lakini chai ile ya kukaa mpaka jua lishuke haikurudi tena mpaka Mama Kyalo alipotutoka.

Sasa mimi ni mama, naishi Kyumbi, nashona sare za shule, na bado nina hasira. Nina hasira na wale wezi ambao sikuwahi kuwaona sura. Nina hasira na nailoni. Nina hasira na lile kofi, ingawa aliyenipiga nampenda. Nilikuwa nimeapa sitafuga mbwa, na mwaka huu binti yangu Mwende ameleta mmoja ndani ya begi la shule, mdogo, miguu imepinda, jina lake Biskuti. Nilitaka kumrudisha. Nikajikuta nimeshika mwiko. Daktari wa mifugo alinieleza cha kumpikia: wali kidogo, nyama au maini, karoti, omena, yai, na unga wa maganda ya yai kwa mifupa, bila chumvi wala kitunguu. Alishangaa kuona nayatamka mengine kabla yake. Majirani wananicheka kwamba nimekuwa Mzungu, nampikia mbwa kwa vipimo. Wacha wacheke. Biskuti anakula vizuri kuliko alivyokula Susu mwezi wake wa mwisho duniani, na kila jioni nikiinamisha sufuria ile nalijua hilo, na sijui nilifanye nini.

Juzi mama alikuja kutuona. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini hawezi kukaa bila kazi, kwa hiyo alitandika mkeka barazani akaanza kuchagua mahindi niliyoyaleta kutoka shambani. Mahindi makavu, yaliyoanikwa vizuri, hata hivyo katika gunia hazikosekani punje chache mbaya. Mwende aliketi naye, uteo mwingine mapajani, wanapiga soga. Mtoto yule amefundishwa shuleni kutopoteza chakula, tena anampenda mbwa wake. Alichungulia kijifungu kile kidogo cha mbaya kando ya goti la mama, akasema asizitupe, tumpe Biskuti.

Mkono wa mama ulisimama juu ya uteo. Nilikuwa mlangoni na sufuria ya mbwa mkononi. Tangu mazishi yale sikuwahi kumsikia akilitaja jambo lile kwa mdomo wake, si kwangu, si kwa baba, si kwa mtu.

"Tulimpa," alisema.

Mwende akangoja, akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Mama aliinuka kwa kushikilia ukuta, akazikusanya zile punje ndani ya leso, akaenda hadi kwenye jiko, akazimimina juu ya makaa, akasimama pale ndani ya moshi mpaka zikawa nyeusi zote. Kisha akanawa mikono, akarudi mkekani, akalivuta karibu lile fungu zuri ambalo alikuwa amekwisha kulichagua, na akaanza kulichagua upya.